Mwizi wa Maji wa Hinokidani

Hinokidani, 11 Februari 1955

Binti yangu Hisae,

Hujambo huko Osaka? Sisi tu wazima. Theluji imefika dirisha la jikoni na mama yako anatokea mlango wa ghalani. Kifua chake kimetulia tangu aanze ile dawa uliyoleta mwaka mpya. Figili za chumvi zimekolea vizuri. Nitakutumia barabara ikifunguka.

Saa ya umeme uliyotuletea tumeitundika ofisi ya ushirika. Siku ya kwanza watu walikuja kuitazama kama wanamtazama bibi harusi. Sasa wanaicheka. Kila asubuhi saa moja mwenyekiti, Bwana Sakuma, anaiweka sawa na redio. Jioni saa moja redio ikilia, saa yako iko nyuma dakika kumi na tano, siku nyingine kumi na nane. Jana ameniambia mbele ya watu, "Tokuji, binti yako alinunua saa au alinunua kobe?" Nilicheka na mimi. Ningefanya nini?

Lakini niambie ukweli. Uliinunua kwa nani? Unamwamini?

Na balbu zinaungua ovyo. Shuleni tatu kwa mwezi mmoja. Za siku hizi wanazitengeneza za kuungua, ili tununue nyingine.

Baba yako,
Tokuji


Osaka, 2 Machi 1955

Kwako Baba,

Nashukuru kusikia Mama anapumua vizuri. Mimi mzima, ila vidole vinanuka vanishi hata nikila. Karakana imepata kazi nyingi. Tuko wanawake kumi na wawili, tunazungusha waya kufunga koili za mota tangu asubuhi mpaka jua linazama. Mama mwenye nyumba bado ananiuliza nitaolewa lini. Namwambia aulize mwakani.

Saa niliinunua dukani, mpya, na niliijaribu hapa siku nne. Haikupoteza hata nusu dakika. Baba, wewe umekaa na mashine yetu ya umeme wa maji miaka ishirini, najua huhitaji somo. Ila niruhusu nikueleze kama fundi wetu mkuu alivyotueleza sisi, kwa sababu ndipo jibu lilipo.

Koili za mashine yetu zinazunguka katikati ya sumaku sita, ya kaskazini, ya kusini, ya kaskazini, ya kusini, hivyo hivyo mpaka duara linafunga. Waya ukipita mbele ya kaskazini, umeme unasukumwa kwenda. Ukipita mbele ya kusini, unasukumwa kurudi. Kwa hiyo kila koili zikimaliza mzunguko mmoja, umeme umekwenda na kurudi mara tatu. Mashine inatakiwa izunguke mara ishirini kwa sekunde. Basi umeme unakwenda na kurudi mara sitini. Saa ya umeme haina kazi nyingine ila kuhesabu hizo sitini. Ikizimaliza, inasogeza mshale sekunde moja. Haijali mwanga wala nguvu. Inahesabu tu.

Kwa hiyo, Baba, saa haichelewi. Kinachochelewa ni mashine. Inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa, na saa inasema hivyo mbele ya kijiji kizima.

Binti yako,
Hisae


Hinokidani, 17 Aprili 1955

Hisae,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Theluji ilipoyeyuka ilibomoa mfereji wa mashine sehemu mbili, tukatengeneza kijiji kizima, wanawake nao. Mama yako alibeba mawe nikamkataza, akaniambia nimwache. Figili utazipata pamoja na barua hii. Maandishi yakikusumbua, ujue mikono bado ina baridi.

Umesema mashine inazunguka polepole. Basi sababu nimeipata. Gurudumu linalozungusha mashine halipati maji yote. Kuna mtu anayachukua.

Unamkumbuka Ishizo Nabeta? Yule aliyerudi kutoka Manchuria baada ya vita na mkewe Mitsuyo, wakapewa ardhi ya juu ambayo hakuna aliyeitaka. Majaruba yake yako pale pale mfereji unapoanzia. Miaka tisa yuko hapa na sijawahi kuona meno yake. Juzi nilikuta nyayo kwenye lango dogo la pembeni, matope bado mabichi. Nimempita barabarani nikamwambia, "Nabeta, mwaka huu majaruba yako yamejaa mapema." Akanijibu, "Mvua ni ya wote, Bwana Kajitani." Umesikia jibu hilo? Mtu asiye na hatia hujibu hivyo?

Lakini sitaki kumwonea mtu. Kwa hiyo nakuuliza na wewe: koili mlizotufungia upya Oktoba iliyopita, ni nani hasa aliyezifunga? Kama kuna kosa huko kwenu, niambie kabla sijapeleka neno kwa Sakuma.

Baba yako


Osaka, 1 Mei 1955

Kwako Baba,

Figili zimefika. Wenzangu walizimaliza kabla sijaonja mbili, wanasema nikuombe tena. Mpe Mama pole ya mawe.

Koili zilipimwa kabla hazijatoka karakana, na fundi mkuu alitia muhuri wake.

Kuhusu Bwana Nabeta, je, umemwona akifungua lango? Nyayo si mtu. Na lango lile hata wanaokata majani ya ng'ombe wanalivuka. Nakuomba usimpelekee Bwana Sakuma neno bado. Niandikie kwanza saa imechelewa dakika ngapi kila siku, kwa wiki nne mfululizo, siku kwa siku. Karani wa ushirika anaweza kukuandikia. Na balbu pia: bado zinaungua? Wapi, na ngapi?

Barua yako nimeisoma kwa shida kidogo, Baba. Mistari miwili imepandana. Umesema ni baridi. Aprili?

Hisae


Hinokidani, 9 Juni 1955

Hisae,

Mama yako anakusalimu. Sisi tumekwisha panda, mgongo wangu haunyooki.

Orodha hii hapa, ameiandika karani. Utaona mwenyewe. Wiki ya kwanza: kumi na sita, kumi na saba, kumi na tano, kumi na nane, kumi na saba, kumi na sita, kumi na nane. Wiki ya pili: moja, sifuri, moja, moja, sifuri, mbili, moja. Ya tatu kama ya kwanza. Ya nne kama ya pili. Umeona ujanja wake? Anaiba wiki moja, anapumzika wiki moja, ili asishikwe. Balbu zilizoungua ni kumi na moja kijiji kizima.

Sikuweza kungoja jibu lako. Mkutano ulikaa tarehe 28 Mei. Nilisimama nikasema niliyoyaona. Ishizo alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, kofia mapajani. Sakuma akamuuliza, "Nabeta, unafungua lango?" Akasema, "Sifungui." "Sasa maji yanakwenda wapi?" "Muulizeni anayekaa na mashine." Hapo watu wakapiga kelele. Mmoja akamwambia, "Mgeni wewe, tumekupa ardhi na bado unatutukana!" Mimi niliona uso unawaka moto. Nikamwambia, "Miaka ishirini nimekiwashia taa kijiji hiki. Wewe umekiwashia nini?" Alivaa kofia. Akatoka.

Waliamua akatwe umeme, na asisaidiwe kupanda. Waya umekatwa kesho yake. Yeye na mkewe walipanda peke yao siku kumi na mbili. Mitsuyo alikuwa anashona nguo za watu kwa taa. Sasa hakuna anayempelekea nguo hata hivyo.

Ni haki. Lakini saa bado inachelewa. Atakuwa amepata njia nyingine.

Baba yako


Osaka, 10 Julai 1955

Kwako Baba,

Natumai mgongo umepona. Huku mvua haiachi, vanishi haikauki, koili zimetundikwa kila mahali kama samaki.

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima. Nimeandika majibu matatu nikayachana. Hili la nne nalituma bila kulisoma tena.

Kwanza langu. Uliniuliza nani alifunga koili zetu, nikakujibu kuhusu muhuri. Nilizifunga mimi. Niliomba mwenyewe nipewe kazi hiyo kwa sababu ilikuwa ya nyumbani. Na nilipofika koili ya tano mwenzangu aliniita, nikapoteza hesabu ya mizunguko. Nilikadiria, nikaendelea. Sikumwambia fundi. Vipimo vilipita, lakini toka uliponiandikia habari ya saa sijalala vizuri, na nilikaa kimya huku unamtafuta mwizi. Hilo ni kosa langu, Baba, na sina pa kulificha.

Sasa orodha. Koili mbovu ni mbovu kila siku. Haiwi mbovu wiki moja ikapona wiki nyingine. Kwa hiyo si koili zangu.

Na si Nabeta. Sikiliza. Maji yakipungua, koili zinazunguka polepole, na hapo vitu viwili vinatokea pamoja: saa inachelewa, na taa zinafifia, kwa sababu waya unaopita polepole mbele ya sumaku unatoa umeme dhaifu. Balbu inayofifia haiungui. Inadumu. Lakini kwenu saa inachelewa na balbu zinaungua. Mwizi wa maji hawezi kufanya yote mawili. Kuna njia moja tu: mtu anazungusha ule usukani mdogo ukutani unaoongeza nguvu ya sumaku. Sumaku ikizidi, umeme unazidi, balbu zinaungua. Na sumaku ikizidi, koili zinakuwa nzito kuzungusha, kama mtu anazishika kwa mkono, na gurudumu linapungua kasi. Ndipo saa inachelewa.

Tena ilianza Februari. Februari mtu anamwagilia nini, theluji?

Mashine mnapokezana wewe na Mzee Mohei wiki kwa wiki. Sikuuliza kwenye barua iliyopita kwa kuwa nilitaka uniambie mwenyewe. Ile wiki ya kwanza ilikuwa zamu ya nani, Baba? Na ya tatu?

Barua yako ya Juni iliandikwa kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, na mwisho wake umetoka nje ya karatasi. Bado unasoma gazeti asubuhi?

Hisae


Hinokidani, 19 Julai 1955

Hisae,

Umeambiwa na mama yako. Nimemuuliza, amekana, lakini najua uyoga mkavu aliokutumia Juni haukuja mtupu.

Kwa hiyo sasa nyumbani kwangu kuna mpelelezi, na Osaka kuna hakimu. Nilikupeleka ukajifunze kazi, si kuja kunipima. Miaka ishirini, Hisae. Mashine ile ninaisikia hata nikiwa shambani. Sihitaji kusoma mita kujua inavyozunguka.

Mohei ana mkono mwepesi tu, ndiyo maana wiki zake saa haichelewi.

Usiniandikie mpaka ujue unazungumza na nani.

Tokuji Kajitani


Osaka, 5 Agosti 1955

Kwako Baba,

Najua nazungumza na nani. Ndiyo maana naandika.

Mama hakunitumia barua yoyote. Nilimtumia mimi kadi nikamuuliza kama unasoma gazeti. Alinijibu maneno manne kwenye karatasi ya kufungia uyoga: "Analishika. Halisomi. Usimwambie nimesema." Sasa nimekwambia. Mkasirikie mtu mmoja, mimi.

Nafikiri unaitazama ile taa iliyo juu ya mashine, unaiona hafifu, unaongeza sumaku. Taa si hafifu, Baba, macho yako ndiyo yamefifia. Mtu akikupa chai mchana unaona mvuke wake?

Fundi mkuu nimemwambia habari ya koili ya tano. Alinitazama, akasema ningemwambia siku ile ile. Amenipunguzia daraja, nafagia mwezi mzima. Nimeona nikueleze kwa sababu sitaki kukudai jambo ambalo mimi sikulifanya.

Waya wa Bwana Nabeta bado umekatwa?

Hisae


Hinokidani, 23 Agosti 1955

Mwanangu Hisae,

Barua hii anaiandika mama yako, mimi natamka. Amesema ataandika kila neno hata nikitukana, basi vumilia.

Sikuja kukuandikia sikukuu ya marehemu ilipofika kwa sababu nilikuwa na haya mbele ya babu yako. Nilipowasha taa ya kumkaribisha mlangoni niliona duara la ukungu tu, kama mwezi siku ya mvua. Nikamuuliza mama yako, "Imewaka?" Akasema, "Imewaka vizuri." Hapo nikakaa chini.

Ilianza mwaka juzi, jicho la kulia, kisha la kushoto. Ni mtoto wa jicho, daktari wa mjini aliniambia Desemba, na nikamwambia asimwandikie mtu. Mita ya mizunguko sijaisoma tangu kabla ya mwaka mpya. Nilikuwa nasikiliza. Na taa ya juu ya mashine, ni kama ulivyosema. Kila siku niliona imefifia, kila siku nikazungusha usukani kidogo. Nilidhani nawaongezea watu mwanga.

Na nilijua, Hisae. Si tangu mwanzo. Lakini kwenye mkutano, Ishizo aliposema muulizeni anayekaa na mashine, hapo nilijua. Ndiyo maana nilipiga kelele vile.

Juzi nilimwomba Sakuma aite mkutano. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Hakuna aliyecheka. Sakuma akauliza, "Sasa Nabeta?" Nikamwambia, "Nabeta hakuchukua hata tone." Wakaanza kutazamana, kila mtu akikumbuka alichosema. Yule aliyemwita mgeni alitoka kwenda kuvuta sigara, hakurudi.

Jana nimepanda kwake, mama yako amenishika mkono. Nimepiga magoti kwenye udongo wa mlangoni, paji la uso chini. Nikamwambia nimemwonea. Akasema, "Nilijua."

Nikamuuliza amejua nini.

"Nilikuona Aprili kwenye lango dogo la pembeni. Ulikuwa unatafuta mpini kwa kupapasa, na mpini uko mbele yako mchana kweupe. Ndiyo zile nyayo, zako na zangu. Nilishuka nikakushikia ubao wa kuvukia usianguke majini, hukujua kama kuna mtu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mkutanoni.

Akasema, "Ningesema Kajitani haoni, nani angenisikiliza? Mngesema mwizi anamtukana kipofu."

Mitsuyo alikuwa ndani anashona kitu, sikumwona, nilisikia mkasi. Hawakutukaribisha ndani. Umeme wamerudishiwa leo. Mohei amepanda nguzo. Ishizo hakutoka kutazama.

Mashine nimeiacha. Mohei ana mpwa wake anayeijua.

Baba yako. Na mama yako anasema anaongeza lake: Hisae, amelia njiani kurudi, nami nimemwacha alie.


Osaka, 30 Agosti 1955

Baba na Mama,

Nimekwenda hospitali. Wanakata mtoto wa jicho na watu wanaona tena, kwa miwani mizito. Unalazwa wiki mbili, kichwa kimekazwa na mifuko ya mchanga usigeuke. Jicho moja kwanza. Mama mwenye nyumba amesema mtalala chumbani kwangu, mimi nitalala kwake. Njooni kabla ya Septemba tano. Fundi mkuu amenipa siku.

Baba, usimwambie daktari kwamba unaweza kusikia kama jicho limepona.

Hisae


Hinokidani, 21 Oktoba 1955

Mwanangu Hisae,

Naandika mwenyewe. Angalia mistari, imenyooka au haikunyooka? Miwani inanivuta masikio na kila kitu kimekuwa kikubwa, mama yako amekuwa mkubwa kuliko nyumba. Nimemwambia hivyo akanipiga na kitambaa cha mezani. Mshukuru mama mwenye nyumba kwa supu, na wewe nakushukuru kwa zile siku ulizonilisha kama ndege nikiwa nimefungwa kwenye mchanga. Hatukuzungumza mengi. Nafikiri ilitosha.

Kijiji sasa kinamsalimu Ishizo. Wengine wamempelekea keki za mchele. Anazipokea, anashukuru, anafunga mlango. Sakuma alimwomba akae zamu na Mohei, maana kumbe huko Manchuria alikuwa kwenye karakana ya reli, mashine kama yetu anazijua kuliko mimi. Miaka tisa hakuna aliyemuuliza alikuwa anafanya kazi gani. Alimjibu Sakuma, "Mmezoea kuishi bila mimi," akaendelea kunoa mundu.

Wiki iliyopita mpunga wake uliiva, na kuvuna pia walikuwa wawili tu. Nilichukua mundu wangu nikapanda. Sikuomba ruhusa, nilianza jaruba la mwisho, mbali nao, nikakata. Aliniona. Hakuniita wala hakunifukuza. Saa sita walikula kwao, mimi nikala wali wangu wa kubeba nikiwa nimekaa kwenye tuta. Jioni nikashuka.

Siku ya pili vilevile. Mkono wangu si wa zamani, na kwa miwani hii mundu unauona uko karibu kuliko ulivyo; nimejikata kidole gumba. Nikakifunga na jani nikaendelea. Aliliona na hilo.

Siku ya tatu tukakutana katikati, mstari wake na mstari wangu, yakabaki mashina kama thelathini. Tukayakata pamoja. Nilitaka kusema neno, nikajizuia. Niliyasema mengi mwezi wa Mei.

Tulipomaliza Mitsuyo akashuka na birika. Akaweka sinia kwenye tuta, akamimina, na vikombe vilikuwa vitatu. Ishizo alichukua chake bila kunitazama. Akasogeza mguu kidogo, nami nikapata pa kukaa.

Baba yako,
Tokuji